Hamri, Donati na Hewa ya Moto

Hamri likitumbukizwa kwenye karai la mafuta yaliyopata moto sawasawa, huzama kidogo, huibuka, na papo hapo huanza kufura. Mpishi hulimwagia mafuta mgongoni kwa mwiko, mara mbili tatu, kisha hulipindua. Likipasuliwa, ndani mna uwazi mkubwa na kuta mbili nyembamba, laini, zenye harufu ya iliki. Uwazi huo ndio unaopokea mbaazi za nazi, na mtaa wa Mtopanga, Mombasa, kama Kisauni yote, asubuhi nyingi huanza na hamri la namna hiyo.

Sasa kikaango cha hewa kimeingia majikoni, na mtu wa Pwani akikinunua, swali lake la kwanza ni kama kitampikia mahamri bila mafuta. Jibu langu ni kwamba hamri la kufura hakiliwezi, lakini donati kinaziweza vizuri sana. Sababu haiko kwenye bei ya mashine wala jina la kampuni. Iko kwenye kazi ya mafuta. Wengi hudhani mafuta yamo karaini kwa ajili ya utamu, kumbe kazi yake kubwa ni kubeba joto.

Lita moja ya mafuta ya kupikia yenye nyuzi joto 180 za Selsiasi ina uzito wa gramu 800 hivi. Lita moja ya hewa yenye joto hilohilo haifiki hata gramu moja. Kwa ujazo uleule, basi, mafuta hubeba joto zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa. Ndiyo maana mwokaji huweza kuingiza mkono ndani ya oveni ya nyuzi 180 kwa muda mfupi na kuutoa mzima, ilhali tone moja la mafuta ya joto hilo huacha lengelenge.

Unga uliokandwa ukikutana na mafuta hayo, maji yaliyo juu ya ngozi yake huchemka mara moja. Mapovu yanayolizunguka hamri ni mvuke wa maji unaotoka ndani yake. Mafuta yenyewe hayachemki. Na maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Hamri limesukumwa jembamba, kwa hiyo pande zake mbili huziba upesi: wa chini kwa kukaa ndani ya mafuta, wa juu kwa kumwagiwa kwa mwiko. Katikati bado ni kubichi na kunavutika. Mvuke uliofungiwa humo, pamoja na hewa ya ukaa iliyotengenezwa na hamira, haupati pa kutokea, nao huzisukuma kuta mbili mpaka zikaachana. Yule mama anayemwagia mafuta mgongoni mwa hamri anafanya jambo la kisayansi kwa usahihi mkubwa: akichelewa, upande wa juu hubaki baridi, mvuke hupenya, na hamri hutoka bapa.

Hewa ya moto haina nguvu ya kufanya hivyo kwa kasi hiyo. Huchukua dakika kadhaa kukausha ngozi, na kufikia hapo joto limeshapenya taratibu hadi ndani. Wanga wa ngano huanza kunyonya maji na kushikana kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo katikati huwa kumeshaiva na kutulia kabla mvuke haujapata cha kusukuma. Unachopata ni skonzi ndogo, au biskuti ikiwa ulisukuma jembamba mno. Ni kweli kwamba mkate wa pita hufura bila tone la mafuta, lakini tanuri lake huzidi nyuzi 250 na mkate hulala juu ya sakafu ya moto. Vikaango vingi vya nyumbani hukomea nyuzi 200, na chini pana kikapu chenye matundu.

Kwa undani wake, chombo hiki ni oveni ndogo yenye feni kali. Wazo hilo ni la zamani: mwaka 1945 Mmarekani William Maxson alikuwa na oveni ya feni ya kupashia chakula kilichogandishwa ndani ya ndege. Muundo wa kikapu tunaoujua ulitokana na kazi ya Mholanzi Fred van der Weij, na Philips wakautoa sokoni mwaka 2010. Feni ndiyo roho yake. Chakula kilicho ndani ya oveni ya kawaida huvikwa tabaka jembamba la hewa iliyopoa, yenye unyevu, ambayo huzuia joto lisikifikie. Feni hulifagia tabaka hilo. Chakula huiva upesi zaidi, lakini pia hukauka upesi zaidi, na hapo ndipo donge la donati linapotakiwa kuandaliwa tofauti na la mahamri.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano mimi huchukua yai moja, vijiko viwili vya kulia vya siagi, robo kikombe ya sukari, vijiko viwili vya chai vya hamira, iliki iliyotwangwa, chumvi kidogo, na tui zito, kikombe kimoja na kitu. Tui liwe vuguvugu tu. Hamira ni viumbe hai, na likikaribia nyuzi 55 litawaua. Kanda mpaka donge liwe laini na linate kidogo vidoleni. Usiongeze unga kwa kuogopa huko kunata, maana feni itachukua maji mengi, na donge gumu litatoka kavu. Mafuta ya nazi yaliyomo kwenye tui huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo katika joto la Mombasa huwa majimaji, hujipaka kwenye nyuzinyuzi za ngano na kuzilainisha. Wakati wa kaskazi donge huumuka kwa saa moja au pungufu. Kusi ikivuma, mwezi wa Julai, lipe muda zaidi. Angalia ukubwa wake, si saa.

Sukuma unene wa sentimita moja na nusu. Kata kwa mdomo wa glasi, kisha toboa katikati kwa kifuniko cha chupa. Tundu hilo lina kazi: huondoa sehemu ambayo joto lingechelewa kuifikia, na kuongeza uso unaopigwa na hewa. Ziache donati ziumuke tena nusu saa, na hapa usifanye haraka, kwa sababu mashine haitaurusha unga juu kama karai. Washa mashine tupu kwa dakika tano, nyuzi 180. Paka kila donati mafuta kwa brashi pande zote. Utando huo mwembamba hupeleka joto kwenye ngozi na kuizuia isikauke kabla ya wakati. Panga zisigusane, pika dakika tatu, geuza, ongeza mbili au tatu. Sukari ya kunyunyizia ingoje mpaka zitoke, la sivyo itaungua chini ya koili ya joto.

Rangi ya dhahabu na ile harufu inayovuka ua hutokana na protini na sukari kukutana kwenye joto, jambo lililoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Hushika kasi kuanzia nyuzi 140 hivi, na ngozi ikiwa bado na maji haivuki 100; lazima ikauke kwanza ndipo ipate rangi. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali hutoa pia akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Hiyo haibagui mafuta na hewa. Donati iliyoungua ikawa kahawia ya giza si salama zaidi kwa kuwa imetoka kwenye mashine.

Na wale wenye karai, ambao ndio wengi, wasidhani hawana la kufanya. Mvuke unapotoka kwa nguvu huyazuia mafuta yasiingie. Sehemu kubwa huingia baada ya hamri kuopolewa: mvuke wa ndani hupoa, hurudi kuwa maji, nguvu hupungua, na mafuta yaliyobaki juu ya ngozi huvutwa ndani. Kwa hiyo sekunde za kwanza nje ya karai ndizo zenye faida. Likung'ute, lisimamishe kwa ubavu kwenye chujio lingali moto, usiyalaze mahamri moja juu ya jingine.

Kibiashara, bado sioni mashine hii ikimwondoa mama wa mahamri barabarani. Kikapu cha kawaida hupokea donati nne au tano. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika sita hutumia sehemu 15 kwa 100 ya uniti moja ya stima, kwa hiyo donati hamsini ni kama uniti moja na nusu na zaidi ya saa nzima ya kusimama. Karai moja hukaanga kiasi hicho kwa muda mfupi sana. Kwa nyumba ya watu watano, hesabu ni nyingine, na hapo naipendekeza kwa moyo wote. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani peke yake, isigawane ekstensheni na friji au pasi.

Donati hizi hazilali vizuri. Wanga hurudi kujipanga na kukaza, na kwa kuwa ngozi yake haina mafuta mengi, hukauka kufikia jioni. Zikibaki, zifunge zikishapoa kabisa, na asubuhi zirudishe kikapuni kwa nyuzi 150, dakika mbili. Joto likipita 60 ndani, wanga hulegea tena, na hulainika kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai.