Kabla ya kuuza gauni la arusi Urusi, jifunze arusi yenyewe

Majuma mawili yaliyopita nilitembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni fundi wa magauni ya arusi jijini Nairobi. Baada ya kuamkiana na kunywa chai, alitoa mkobani barua ya mwaliko wa maonyesho ya biashara ya mavazi ya arusi mjini Moscow. "Mwalimu," akaniambia, "wewe uliishi huko. Nina akiba ya miaka sita. Niitie yote katika safari hii, au niiache?"

Nilimwomba anipe muda wa kufikiri. Leo namjibu hadharani, kwa kuwa naamini jibu lake linawafaa pia walimu wa biashara, wa jiografia na wa historia, pamoja na wanafunzi wao.

Kwanza tufahamiane juu ya maonyesho. Haya si kama maonyesho yetu ya kilimo, ambapo kila mwenye tikiti huingia na kuzunguka apendavyo. Ni soko la wenye maduka. Kule Barcelona na Milano, ambako makampuni makubwa huonyesha mitindo mipya katika majira ya Aprili, anayetafutwa si bibi arusi bali ni mwenye duka. Huyo huagiza sampuli chache, hulipa arubuni, kisha hungoja miezi kadhaa kabla ya kuletewa mzigo. Naye mwenye kibanda hukodi nafasi yake kwa mita ya mraba, na hulipa kabla hajauza hata uzi. Kwa hiyo anayekwenda huko hauzi gauni moja. Anauza ahadi kwamba magauni mengine mfano wa lile yatafika kwa wakati, kwa vipimo na kwa bei iliyokubaliwa. Katika ahadi hiyo atashindana na viwanda vya Suzhou nchini Uchina, ambavyo hushona kwa wingi na kwa bei nafuu.

Basi ni kitu gani kitakachomfanya mwenye duka wa Moscow au Kazan amsikilize fundi wa Nairobi? Kwa maoni yangu ni kimoja tu: kuifahamu arusi ya Kirusi kuliko wageni wengine wanavyoifahamu.

Mimi nilianza kuifahamu kwa aibu. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi Leningrad, mji ambao tangu 1991 umerudia jina lake la St Petersburg. Mwenzangu wa bweni akanialika arusini. Nilijinyima, nikanunua maua kumi mekundu. Mlangoni shangazi yake bwana arusi aliyahesabu kwa macho, akachomoa moja, akalitia katika mfuko wa koti langu bila ya kusema neno. Baadaye nilielezwa kwamba kwa Warusi maua ya idadi shufwa ni ya maziko. Walio hai hupewa witiri. Sisi tunaojivunia waridi wa Naivasha, ambao Urusi ni mmojawapo wa wanunuzi wake, tungefaa kulijua jambo hilo dogo. Anayefunga shada la bibi arusi kwa waridi kumi na mbili amempelekea rambirambi.

Siku ile ndoa ilifungwa katika Jumba la Ndoa kando ya mto Neva, nyumba iliyokuwa ya wakuu wa enzi za mfalme na iliyofunguliwa kwa kazi hiyo mwaka 1959. Lazima tuirejelee historia hapa. Amri za Desemba 1917 ziliiondolea kanisa mamlaka ya kuandikisha ndoa, na mpaka leo ndoa inayotambuliwa na sheria ya Urusi ni ile ya ofisi ya serikali, iitwayo kwa kifupi ZAGS. Zama hizo za Kisovieti bidhaa zilikuwa adimu, na ofisi hiyo iliwapa wachumba kuponi za kununulia pete, viatu na nguo katika maduka maalumu ya maarusi. Dola ile ilipovunjika mwaka 1991, milango ya biashara ilifunguliwa, na mabibi arusi waliozoea kupanga foleni wakaanza kuchagua. Mtu ambaye mamake aliolewa kwa kuponi huwa na macho makali dukani.

Hata hivyo wako wengi ambao, baada ya serikali, huenda pia kubarikiwa katika kanisa la Kiorthodoksi. Huko maarusi hushikiliwa mataji juu ya vichwa vyao. Bibi arusi hutakiwa afunike kichwa na mabega, na kwa desturi kanisa hilo halifungishi ndoa siku ya Jumamosi wala wakati wa Kwaresima. Kwa ofisi za serikali, kinyume chake, Jumamosi ni siku ya msongamano. Fikiri, msomaji wangu, maana ya hayo kwa fundi. Gauni lililo wazi mabegani, linalosifiwa katika majarida ya Marekani, halina budi kuandamana na koti fupi au mtandio wa kitambaa kile kile. Na kwa anayeolewa Januari, theluji ikiwa imetanda, mtandio hautoshi. Atahitaji joho zito la kujifunika anapopiga picha nje.

Kalenda nayo ina siri zake. Warusi wengi huuepuka mwezi wa Mei, kwa kuwa jina lake linafanana na kitenzi chao chenye maana ya kutaabika. Wapo pia wanaouogopa mwaka mrefu, ule wa siku 366. Lakini tarehe 8 Julai, ambayo tangu 2008 huadhimishwa kuwa siku ya familia, mapendo na uaminifu, hupendwa sana. Pete ya ndoa huvaliwa mkono wa kulia, hivyo tangazo lenye pete katika mkono wa kushoto hujitambulisha mara moja kuwa ni la mgeni. Mezani wageni hupaza sauti wakisema "Gorko!", yaani "Chungu!", mpaka maarusi wabusiane na kuufanya mvinyo uwe mtamu. Bwana arusi naye huzuiwa mlangoni na marafiki wa bibi arusi mpaka atoe peremende na vijisenti. Asije mtu akadhani kwamba hiyo ni mahari kama yetu. Ni mchezo tu, na ndiyo maana hauna wazee wala mbuzi.

Nimesema ya mila, sasa niseme ya hesabu. Mwaka 1990 walizaliwa nchini Urusi watoto wapatao milioni 2. Mwaka 1999, baada ya dhiki za muongo ule, walizaliwa takriban milioni 1.2. Watoto hao wachache ndio waliofikia umri wa kuoana katika miaka hii. Soko hilo basi ni kubwa, lakini halikui. Mwalimu wa jiografia anayechora piramidi ya umri ubaoni anafundisha biashara bila ya kujua.

Kisha kuna vita. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuipelekea Urusi bidhaa za anasa, yakiwemo mavazi yenye thamani ya zaidi ya yuro 300, na baadhi ya benki zake zimeondolewa katika mtandao wa kimataifa wa malipo. Wapo watakaosema kwamba pengo walilolitoka Waitalia ni nafasi ya Mwafrika. Huenda ikawa hivyo. Lakini pengo hilo limetokana na maafa, na mwenye kuliingia anapaswa kujua anaingia wapi. Septemba 2022, serikali ilipoita askari wa akiba 300,000, wanaume walioitwa waliruhusiwa kuoa siku ile ile waliyoomba. Bibi arusi wa saa mbili haagizi gauni la miezi sita.

Mwanangu, hili ndilo jibu langu. Barua uliyonayo si oda. Mwandaaji wa maonyesho anauza vibanda, nawe ndiwe mteja wake. Usikodi kibanda mwaka huu. Shona magauni matatu tu: moja la kanisani lenye mtandio, moja la baridi lenye joho, na moja la kiangazi. Yapige picha vizuri. Jifunze Kirusi cha kutosha kusalimu, kuhesabu na kuuliza bei. Kisha, ukiweza, nenda kama mgeni wa kawaida mwenye daftari, ukazungumze na wenye maduka watatu wanne. Uliza benki yako, kabla ya kupanda ndege, malipo kutoka huko yatakufikia kwa njia gani. Uliza pia kuhusu kanuni za usalama wa nguo na alama ya EAC, ambayo hudaiwa kwa mavazi yauzwayo Urusi na kwa majirani zake katika muungano wao wa kiuchumi. Akiba iliyosalia iache benki. Haya yakikuchosha, afadhali yakuchoshe hapa kuliko Moscow.

Nanyi walimu wenzangu, kila mwaka mwanafunzi huwauliza historia au lugha ya kigeni itamfaa nini ilhali yeye anataka kuwa mfanyabiashara. Mwambieni kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake, na vitabu ni mojawapo ya njia za kuyapima kabla ya kujitosa. Mimi niliyapima kwa maua kumi, nikarudi bwenini na moja mfukoni. Fundi wangu ana akiba ya miaka sita, na nisingependa ayapime kwa hiyo.