Ndege na Ukoo wa Miti

Wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Ngara mwaka 1994, miti mingi karibu na Benaco iliishia mekoni. Hatuwalaumu, maharage hayaliwi mabichi. Lakini ndege nao walikosa pa kutua, na hasara hiyo huonekana polepole.

Hondohondo humeza tunda huku akaitema mbegu kule. Mche ukakulia kati ya miti isiyo ndugu zake, na maua yakachanganya damu. Asipopita, miche husongamana chini ya mama, ikaoana ndugu kwa ndugu, na kizazi kikadhoofika. Huko Usambara Mashariki, wataalamu Cordeiro na Howe walionyesha mwaka 2003 kwamba msitu ukikatwa vipande ndege wala-matunda hupungua, na mbegu za mti wa Leptonychia hazifiki mbali.

Basi twawaomba wanaopanda miti Ngara na Biharamulo wasiishie kwenye mikaratusi. Wapande pia mikuyu na mizambarau-mwitu kati ya kichaka na kichaka, hondohondo apate njia.