Dhaanto Ina Riddim Yake, Madijei Mko Wapi?

Kama unadhani dancehall inaishia Githurai na Dandora, hujawahi kanyaga soko ya kambi ya wakimbizi ya Hagadera jioni. Probox zinaingia kutoka Garissa, mizigo hadi kwa keria, na dere ako na flashi moja kwa redio. Kwa hiyo flashi kuna miksi ya saa nzima: Kartel, Popcaan, Konshens, alafu dijei anachomeka Redsan juu lazima wa nyumbani pia askike. Hakuna msee hapa hungoja albamu. Ngoma ikitoka Kingston inafika kambini ikiwa imeshakatwa, MC ameshaipigia kelele, na jina ya dijei inatajwa kila dakika mbili kama tangazo ya sabuni. Sisi hiyo ndio ngoma mpya.

Cheki tu Vybz Kartel. Jamaa alishikwa 2011, akatoka jela 31 Julai 2024, na mwaka haijaisha akajaza National Stadium ya Kingston. Miaka hiyo yote akiwa ndani, miksi hazikuwahi kosa kitu yake fresh. Kuna mayut wa Hagadera wamezaliwa, wakasoma hadi primo, wakijua Kartel kama sauti ya msee haonekani popote.

Kitambo ngoma zilikuwa zinajazwa kwa memori kadi. Unapeleka simu kwa kibanda, msee wa kompyuta anakuuliza unataka nini, unamwambia "weka moto," unarudi baadaye. Siku hizi kuna YouTube na Mdundo, lakini bando si ya bure, so mmoja anadaunlodi na mbogi yote inapatiwa kwa Xender. Miksi moja inaweza zunguka blok nzima bila mtu wa pili kununua data. Dijei wa Nai hajui ata nusu ya watu wanamskiza.

Hagadera ilifunguliwa 1992, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Mogadishu Januari 1991 na watu kuvuka mpaka. Wenye walizaliwa hapa wamekuwa wazazi. Wamesoma silabasi ya Kenya, wanabonga Kisomali kwa hao, Kiswahili darasani, na Sheng wakiwa base. Si kila mtu anapenda muziki, wacha tusemezane ukweli. Kuna wazee wanaona ni haramu na hawatabadilisha mawazo juu yako. Adhana ikilia unazima redio, hiyo si stori ya kubishana. Earphone ndio zimebeba hii kitu.

Sasa kuja kwa ile kitu hunikeep macho usiku. Kwa harusi huku, dhaanto, ile densi ya Kisomali, ikianza, mavijana wanasimama mstari huu, masister mstari ule, makofi inaingia, miguu inapiga chini. Skiza hayo makofi poa. Alafu weka Diwali, ile riddim ya Lenky Marsden yenye Sean Paul alitumia kwa "Get Busy" na Wayne Wonder kwa "No Letting Go". Nini inabeba Diwali? Makofi! Sio besi, makofi. Hizo vitu mbili zinaongea bila mkalimani.

Na si mimi wa kwanza kuskia. Mogadishu ya miaka ya 80, bendi kama Dur-Dur na Iftin zilikuwa zinachapa kwa mahoteli, gitaa inakatia katikati ya mdundo kabisa kama reggae. Kuna wanamuziki wa huko hushikilia kwamba dhaanto ndio ilitangulia na reggae ikafuata. Wajamaika wakiskia hiyo watacheka hadi walie, na mi pia sinunui. Lakini weka Dur-Dur kwa redio bila kusema ni nani, uone venye vichwa vitaanza kutingika.

Daraja kati ya Somalia na Jamaica lilishajengwa kiasi. K'naan, mtoi wa Mogadishu alihepa vita akaishia Canada, alirekodi sehemu kubwa ya "Troubadour" ya 2009 Kingston, na Damian Marley ako ndani. Mwaka iliyofuata Damian na Nas wakatoa "Distant Relatives", K'naan akarudisha mkono ndani yake. Wengi wanamjua na ile ngoma ya Kombe la Dunia pekee. Mnamkosea.

Kenya nayo haijalala. Nazizi na Wyre waliungana na Bebe Cool wa Uganda wakawa East African Bashment Crew, na hapo ndio wengi wetu tulijua dancehall inaweza imbwa na watu wa hapa. Gengetone ikapita. Saa hii ni arbantone, na hiyo ni akili: wanachukua ngoma za zamani za Nai, wanazikalisha juu ya riddim za dancehall, watu wanawika. Swali yangu ni moja. Mbona wamechimba Kanairo yote na hakuna mtu amechimba Garissa?

Juu ngoma za Kisomali, wengine wameshazichimba. 1988, kabla ndege za Siad Barre zipige Hargeisa, watu wa redio ya huko walizika makanda ya muziki chini ya ardhi ndio zisiharibike. Zikatoka baadaye, na Ostinato Records wa New York wakazitumia kwa "Sweet as Broken Dates" ya 2017, ikaingia hadi nomineshoni ya Grammy. Analog Africa, lebo ya Ujerumani, wakaleta "Mogadisco" 2019. Fiti sana, heshima kwao. Lakini hizo ngoma zilikuwa kwa kaseti za mathee wako, buda, na wewe ulikuwa unarekodi juu yake.

Kazi yenyewe ya kukalisha hizo ngoma juu ya riddim si rahisi. Dramer wa Mogadishu alikuwa mtu, si mashine, so spidi inapanda na kushuka, na ukiibandika juu ya riddim ya kompyuta inakuacha njiani. Lazima unyooshe kipande kwa kipande. Programu za kutoa sauti ya mwimbaji pekee ziko siku hizi, na laptop moja yatosha, ambayo ni muhimu juu mkimbizi hawezi amka tu aende studio Nai. Anahitaji ruhusa ya kutoka kambi. Mpango wa serikali wa Shirika ulizinduliwa Machi 2025, unaahidi kufungua hizi kambi ziwe miji. Tutaona.

Na msiibe. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuna waimbaji wa hizo bendi wako hai, wametawanyika Ulaya na Marekani. Watafute, uliza, andika jina yao mbele ya yako.

So dijei wa Garissa, dijei wa Isich, na wewe mwenye laptop hapo blok yako: chukua Dur-Dur, weka juu ya Diwali, na uitoe kabla Eid. Ikifika Hagadera itajisambaza yenyewe.