Baluni za Intaneti: Zilikuja na Upepo, Zikaondoka



Hapa mtaa wa Dallas, Embu, mtu akitaja baluni tunafikiria watoto na sherehe. Inapulizwa, inachezewa, jioni imepasuka. Lakini Kenya ilipata baluni za kazi nyingine kabisa: kupeleka intaneti mahali ambapo milingoti ya simu ni michache. Tuzieleze, kwa sababu zina somo kwa kila kikundi kinachongojea mradi.

Zilifanyaje kazi?

Mradi uliitwa Loon, wa kampuni ya Alphabet ya Marekani, ambayo ndiyo mwenye Google. Hapa Kenya ulishirikiana na Telkom Kenya. Huduma ilianza Julai 2020, kwa baluni karibu 35, katika eneo la kilomita mraba 50,000 hivi. Miji iliyotajwa ni kama Iten, Eldoret, Nakuru, Kisumu, Kericho na Narok.

Kila baluni ilikuwa kubwa kama uwanja wa tenisi, imetengenezwa kwa plastiki na kujazwa gesi nyepesi kuliko hewa. Ilielea kilomita 20 hivi juu, kupita ndege za abiria. Chini yake zilining'inia mitambo ya mawasiliano na sola ya kuipa umeme. Haikuwa na injini ya kuisukuma. Huko juu upepo wa kila kimo huenda upande wake, basi baluni ilipandishwa au kushushwa ili ipate upepo unaofaa. Mawimbi yalitoka kituo cha chini, yakarushwa kutoka baluni moja hadi nyingine, kisha yakashuka kwa simu ya mtu.

Kwa nini ziliondoka?

Si kwamba zilishindwa kuruka. Januari 2021 Alphabet ilitangaza kufunga mradi kwa vile gharama haikushuka vya kutosha biashara ijitegemee. Machi 2021 huduma ya Kenya ikafungwa, hata mwaka haujaisha. Tena, mwananchi alihitaji simu ya 4G, na simu hiyo ina bei. Mtandao ulikuwa juu ya kichwa chake, lakini kama mfukoni ana kasimu ka kawaida, haukumsaidia.

Sisi tujifunze nini?

Tusidharau teknolojia. Waliojaribu walifanya kazi kubwa, na mara nyingine kujaribu ndiyo njia ya kujua. Lakini uamuzi wa kufunga ulifanywa mbali sana na yule mama wa Baringo. Mradi wa kikundi nao unaweza kuwa hivyo, uwe ni mashine ya kusaga, pampu ya maji au kompyuta za vijana. Kabla ya kupiga makofi, mkae chini mjiulize:

1. Mwenye mali ni nani, na nani anaweza kuifunga?
2. Mfadhili akienda, gharama ya kila mwezi italipwa na nani?
3. Kila mwanachama atahitaji kununua nini ndipo afaidike?
4. Ikiharibika, kuna fundi wa hapa karibu?
5. Mradi ukiisha, tutabaki na nini mkononi: ujuzi, akiba, au hadithi tu?

Jadilini maswali haya katika mkutano ujao, na katibu aandike majibu. Kitu kizuri kikija na upepo, tukipokee, lakini tuwe na kamba ya kukifungia.