Pikapu za mizigo: Usukani hutoa taarifa kabla ya ajali

PIKAPU inayoingia Igoma, jijini Mwanza, ikitokea mwalo wa Kayenze au vijiji vya ndani vya Wilaya ya Magu huwa imepita njia za aina mbili. Kwanza ni vumbi, mawe na makorongo, ambako dereva hulazimika kwenda polepole. Kisha ni lami ya barabara kuu ya Musoma, ambako hukanyaga mafuta ili kufidia muda alioupoteza nyuma. Gari likiwa na shehena ya dagaa au magunia ya mpunga, na pengine watu wawili watatu wameketi juu ya mzigo, ni kwenye lami hiyo ndiko madhara ya njia ya kwanza huonekana.

Ajali ikitokea, maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba gari “limekatika stelingi”. Husemwa kana kwamba jambo hilo lilishuka kutoka mbinguni, na hakuna aliyeweza kulizuia. Ukweli wa kiufundi ni tofauti. Chuma cha usukani kinaweza kukatika ghafla, na upo mfano mkubwa wa namna hiyo utakaoelezwa hapa chini, lakini sehemu kubwa ya viungo vya mbele huchakaa kwa miezi, na katika miezi hiyo hutoa taarifa kwa anayeshika usukani. Tatizo ni kwamba taarifa hizo husomwa vibaya, au hunyamazishwa.

Ili kuzielewa, ni lazima kwanza kujua kwamba pikapu zinazofanya kazi nzito Kanda ya Ziwa zimegawanyika katika makundi mawili kwa jinsi magurudumu ya mbele yalivyofungwa. Kundi la kwanza ni la Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Wengi hulitambua gari hilo kwa mkonga wake wa kuvutia hewa, na likiwa la polisi bado huitwa difenda hata kama halihusiani kabisa na kampuni ya Land Rover. Magurudumu yake mawili ya mbele yameunganishwa na mhimili mmoja mzima wa chuma, ambao mafundi huuita difu ya mbele. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo hupata habari.

Hadi mwaka 1999 mhimili wa pikapu hizo ulishikwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Tangu mwaka huo mbele zimewekwa springi za mviringo, huku za nyuma zikibaki bapa. Badiliko hilo liliwapunguzia madereva maumivu ya mgongo, lakini lina gharama yake. Springi bapa hufanya kazi mbili kwa pamoja: hubeba uzito, na huuzuia mhimili usihame. Springi ya mviringo hubeba uzito tu. Kwa hiyo ilibidi iongezwe mikono miwili inayouzuia mhimili usiende mbele wala nyuma, na fimbo moja iliyokingama kutoka upande mmoja wa chasisi hadi upande wa pili wa mhimili ili usiyumbe kushoto na kulia. Mikono hiyo na fimbo hiyo vimefungwa kwa bushi za mpira. Bushi hizo hazionekani mpaka mtu alale chini ya gari, bei yake ni ndogo ukilinganisha na thamani ya gari lenyewe, na ndizo zinazoamua kama usukani utakuwa mtulivu.

Kundi la pili ni la Toyota Hilux na zinazofanana nayo, kama vile Isuzu D-Max na Ford Ranger. Katika Hilux za kuanzia toleo lililotoka mwaka 2004, kila gurudumu la mbele linajitegemea. Limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na mahali mikono hiyo inapokutana na gurudumu kuna boljointi. Gari la namna hii hutulia zaidi kwenye lami, lakini viungo vinavyoweza kuchakaa ni vingi, na namna ya kuharibika kwake ni nyingine. Land Cruiser iliyochoka mbele hutetemeka na kupiga kelele kwa muda mrefu kabla ya kufanya lolote la kutisha. Gari la magurudumu yanayojitegemea likichomoka boljointi ya chini, gurudumu hulala ubavu, na dereva hubaki ameshika usukani usio na kazi.

Mvua zinaponyesha, adui mkubwa ni udongo. Ule mweusi wa mabondeni, ambao wakulima wa Usukumani huuita mbuga, hunata kwenye chuma kama lami na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Katika difu ya mbele ya Land Cruiser, kila gurudumu hugeukia kwenye nyumba ya chuma yenye umbo la mpira, iliyojazwa grisi na kuzungushiwa sili ya kufuta uchafu. Tope lililokauka hapo hukwaruza uso wa chuma hicho kila dereva anapokata kona. Sili ikiisha, grisi hutoka na maji huingia. Kuna sili nyingine ndani zaidi, inayotenganisha oili ya difu na grisi hiyo. Nayo ikiisha, oili huchanganyika na grisi, mchanganyiko ukawa mwepesi kama uji, kisha hutiririka nyuma ya gurudumu. Mwenye gari huona weusi upande wa ndani wa rimu na kudhani ni vumbi lililolowa. Huko ndani, beringi mbili ndogo ambazo gurudumu hugeukia juu yake, moja juu na nyingine chini, huwa zimeanza kula kutu.

Beringi hizo ndizo zinazohusika, pamoja na bushi zilizotajwa na ncha za fimbo zinazounganisha magurudumu (mafundi huziita tairodi endi), katika tukio ambalo kila dereva wa Land Cruiser ya zamani analijua. Gari likiwa kwenye mwendo wa wastani wa barabara kuu hugonga shimo dogo au kiungio cha daraja, na ghafla magurudumu ya mbele huanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu kiasi kwamba usukani hauwezi kushikika. Wengi huogopa na kukanyaga breki kwa nguvu, jambo linaloongeza uzito mbele na kuzidisha mtetemo. Njia salama ni kuachia mafuta, kuushika usukani bila kupambana nao na kuacha mwendo upungue taratibu mpaka utulie.

Hapa ndipo taarifa hunyamazishwa. Land Cruiser ina shokapu ndogo iliyolala kando ya fimbo ya usukani, ambayo kazi yake ni kumeza mitikisiko midogo. Ukifunga shokapu mpya, mtetemo hupungua au hutoweka kabisa, mwenye gari hulipa na kuondoka akiwa ameridhika. Beringi iliyolegea imebaki ilivyolegea. Miezi michache baadaye shokapu huchoka, mtetemo hurudi ukiwa mkubwa zaidi, na safari hii sehemu nyingine mbili zimekwisha kuharibiwa nao. Shokapu hiyo haikuundwa kuziba ulegevu wa viungo, na gereji inayoianza kabla ya kupima viungo inamfanyia mteja wake hasara hata kama haikukusudia.

Kusawazisha tairi na kubadilisha zilizokatika nyuzi husaidia kwa kweli, kwa kuwa tairi mbovu inaweza kuwa ndiyo inayoanzisha mtetemo. Hata hivyo tairi nayo ni shahidi mzuri. Ikilika upara upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, huwa haikwenda sambamba na mwenzake, na sababu ya kawaida ni fimbo iliyopinda au tairodi endi zilizolegea.

Mfano wa chuma kukatika bila kulegea kwanza unatoka Japani, na unawahusu Watanzania moja kwa moja. Oktoba 2004 kampuni ya Toyota iliyaita kwa matengenezo magari ya Hilux nchini humo baada ya kubainika kwamba fimbo ya kati ya usukani ingeweza kupata nyufa kutokana na uchovu wa chuma na hatimaye kukatika. Miezi miwili kabla ya hapo, gari la Hilux Surf lilikuwa limepoteza mwelekeo katika jimbo la Kumamoto, likagongana na gari jingine na kujeruhi watu watano. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilifanya vivyo hivyo nchini Marekani kwa karibu magari milioni moja, yakiwamo pikapu na 4Runner za tangu mwaka 1989. Desemba 2010 ilikubali kulipa faini ya zaidi ya dola milioni 16 kwa serikali ya Marekani, iliyodai kwamba kasoro hiyo haikutolewa taarifa kwa wakati.

Maelezo yaliyotolewa kuhusu chanzo cha nyufa hizo yanastahili kusomwa na kila dereva anayeegesha katika stendi iliyosongamana: fimbo ilikuwa na nguvu pungufu, na ilichoshwa zaidi na kukata usukani hadi mwisho mara kwa mara, kama wakati wa kuegesha. Gari likiwa limesimama, tairi hung'ang'ania ardhi na nguvu yote ya haidroliki huishia kwenye fimbo na viungo vyake. Gari likitembea hata kidogo tu, mzigo huo hupungua sana.

Tanzania huendesha kushoto kama Japani, na kwa miaka mingi magari yaliyotumika yamekuwa yakiingia nchini kutoka huko. Surf na Hilux za miaka ya 1990 ni miongoni mwake. Tangazo la kuita magari huelekezwa kwa wamiliki waliosajiliwa katika nchi husika; gari lililokwisha kuvuka bahari halimo katika orodha hiyo. Mwenye Hilux ya umri huo hana budi kujichunguzia mwenyewe, kwa kuulizia namba ya chasisi kwa wakala wa kampuni au kwa kubadilisha fimbo yenyewe, maana ufa mdogo chini ya rangi na tope hauonekani kwa macho.

Mzigo nao una hila yake. Pikapu nyingi za aina hii zimekusudiwa kubeba takriban tani moja, na desturi ya kuongeza majani ya springi nyuma haibadilishi jambo hilo. Springi za nyongeza huzuia bodi isilale, lakini breki, beringi na usukani hubaki vile vile. Kuna madhara mawili yasiyosemwa. Gari likiwa tupu, nyuma huinuka, na pembe ambayo magurudumu ya mbele yameegemea hubadilika, hivyo usukani haurudi wenyewe katikati baada ya kona. Likiwa limejaa, na hasa mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele huinuka kama upande mwepesi wa mizani. Usukani huwa laini na mtamu mkononi. Dereva hufurahi, kumbe tairi za mbele hazishiki barabara sawasawa.

Ukaguzi wa kugundua haya yote hauhitaji mashine. Kwanza, injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama mahali tambarare, mtu mmoja huutikisa usukani kidogo kidogo kushoto na kulia huku mwingine akiangalia kila kiungo toka kwenye boksi la usukani hadi magurudumuni. Kiungo kizima husogea pamoja na jirani yake, kilicholegea huchelewa. Mwisho wa fimbo iliyokingama uangaliwe pia, kwani mhimili haupaswi kuhama.

Kisha injini huzimwa, magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi, na gurudumu la mbele huinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi madhubuti. Fundi hulishika kwa mikono miwili juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mtu akanyage breki na jaribio lirudiwe. Ulegevu ukitoweka, kosa ni la beringi ya gurudumu, na ukibaki, ni beringi za kugeukia kwenye Land Cruiser au boljointi kwenye Hilux. Likishikwa kushoto na kulia na kucheza, fundi huanzia kwenye tairodi endi. Kwa Hilux, mahali pa kuweka jeki ni pa muhimu: iwekwe chini ya mkono wa chini, ili uzito wa springi usiikaze boljointi na kuficha ulegevu wake.

Sehemu ikibadilishwa, suala la vipuri bandia halikwepeki. Boljointi ya bandia hung'aa kama ya kweli ikiwa ndani ya boksi, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye mamlaka ya kushughulikia wauzaji wa bidhaa hizo. Lakini hata kipuri halisi huharibiwa na ufungaji. Nati ya tairodi endi hufungwa na pini ndogo inayopindwa ili nati isijifungue yenyewe. Pini hiyo ikitolewa haistahili kurudishwa, na kipande cha waya au msumari hakichukui nafasi yake.

Alaimenti hufanywa mwisho, viungo vyote vikiwa vimekwisha kukazwa. Kulipima gari lenye tairodi endi zilizolegea ni kulipia vipimo vitakavyokuwa vimebadilika kabla gari halijatoka Igoma likafika Kisesa.