Sesheni, rejeleo na kikapu kilichojaa sukari

HTTP, itifaki inayobeba kurasa za wavuti, haina kumbukumbu. Kila ombi linaloifikia seva hupokelewa kama la mgeni ambaye hajawahi kubisha hodi. Sesheni ndizo zilizobuniwa kuziba pengo hilo. Katika lugha ya PHP, iliyopata sesheni zake za ndani kwenye toleo la 4 mwaka 2000, kivinjari hupewa kuki iitwayo PHPSESSID yenye kitambulisho kirefu kisichokisika kwa urahisi, na kwa kawaida seva huweka faili lenye kitambulisho hichohicho. Programu ikiita session_start(), yaliyomo kwenye faili husomwa na kumiminwa katika safu iitwayo $_SESSION. Programu ikifika mwisho, safu hugeuzwa kuwa maandishi na kurudishwa failini.

Tofauti ya safu hiyo na vigeu vingine ni umri. Kigeu cha kawaida hufa ukurasa ukishatengenezwa, na kosa lililokiharibu huzikwa nacho. Kilichoharibika ndani ya $_SESSION huandikwa failini pamoja na ubovu wake, kikamsubiri mtumiaji kwenye ukurasa unaofuata, mbali na mstari uliokiharibu.

Uharibifu wa namna hii mara nyingi hupitia marejeleo. Katika PHP, $b = $a huipa $b nakala ya thamani. Ikiongezwa alama moja tu, $b = &$a, hakuna nakala tena: ni majina mawili ya kitu kimoja, kama mtu anayeitwa Juma kazini na Baba Asha mtaani. Baba Asha akinyolewa, Juma naye hana nywele. Amri ya unset($b) nayo hufuta jina tu. Mtaa ukiacha kumwita Baba Asha, Juma bado yupo.

Wanaoanza hukwama kwanza upande wa nakala. Huandika $kikapu = $_SESSION['kikapu'], wakaongeza bidhaa kwenye $kikapu, kisha wakashangaa kuona ukurasa wa pili hauna bidhaa hiyo. Walichojaza ni nakala. Dawa ni kuirudisha nakala kwenye sesheni, lakini wengi hukimbilia alama ya &, na hapo huingia kwenye kosa gumu zaidi.

Tuseme duka la mtandaoni lina mteja mwenye kikapu cha mchele, sukari na chai. Ukurasa wa malipo una mizunguko miwili. Wa kwanza hukokotoa bei na kuiandika papo hapo: foreach ($_SESSION['kikapu'] as &$bidhaa). Wa pili huonyesha orodha tu: foreach ($_SESSION['kikapu'] as $bidhaa). Msimbo unasomeka vizuri, na PHP haitoi onyo lolote. Mteja lakini anaona mchele, sukari, sukari.

Mzunguko wa kwanza ulipoisha, jina $bidhaa halikuisha nao. Lilibaki limeng'ang'ania chumba cha mwisho cha safu, kilichokuwa na chai. Wa pili ukalitumia jina hilohilo. Ulipochukua mchele, mchele ukaandikwa juu ya chai. Ulipochukua sukari, sukari ikaandikwa juu ya mchele huo. Ulipofika chumba cha tatu ukakuta sukari tayari. Ukurasa ukaisha, na kikapu chenye sukari mbili kikahifadhiwa.

Mwandishi wa programu akiufungua upya ukurasa huo ili achunguze, haoni kinachobadilika, kwa kuwa sukari imeshaandikwa juu ya sukari. Mteja akiongeza unga na kurudi kwenye malipo, unga nao unakuwa sukari. Akiongeza sabuni, vilevile. Mstari mmoja, unset($bidhaa), ukiwekwa mara baada ya mzunguko wa kwanza, humaliza tatizo. Lililo bora zaidi ni kutolitumia rejeleo hapo kabisa, kwani foreach inaweza kutoa ufunguo wa kila chumba na thamani ikaandikwa kwa ufunguo huo.

Zamani mtego ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu PHP yenyewe iliunganisha majina. Mpangilio wa register_globals ukiwa umewashwa, $_SESSION['jina'] na kigeu cha kawaida $jina viliweza kuwa kitu kimoja bila mtu kuandika &. Ukurasa ulioorodhesha wanachama kwa kutumia $jina uliweza kumwacha aliyeingia akiwa na jina la mwanachama wa mwisho kwenye orodha. Kwenye kompyuta ya mwandishi, mpangilio ukiwa umezimwa, kila kitu kilikwenda sawa. Vituko vilianza kwenye seva ya kukodi. Tangu PHP 4.2.0, mwaka 2002, mpangilio huo ulizimwa kwa chaguo-msingi, na toleo la 5.4 la mwaka 2012 likauondoa kabisa.

Rejeleo lina tabia nyingine isiyopigiwa kelele: huumba kisichokuwapo. $ujumbe = &$_SESSION['ujumbe'] hutengeneza ufunguo wenye thamani tupu, null, hata kama haukuwapo. Baada ya hapo isset() husema haupo, array_key_exists() husema upo, na zote mbili ziko sahihi kwa maana zake.

Vitu vilivyoundwa kutoka klasi vina kanuni yao. Tangu PHP 5, mwaka 2004, kigeu hakibebi kitu chenyewe ila mpini wake, hivyo anayetoa kitu kwenye sesheni na kukibadilisha huwa amebadilisha kilichomo humo, bila & yoyote. Django, mfumo wa lugha ya Python, hukwama kinyume chake: kamusi iliyo ndani ya sesheni ikibadilishwa, mabadiliko yapo kwenye kumbukumbu, lakini kwa chaguo-msingi Django huhifadhi sesheni pale tu ufunguo wake wa juu unapowekwa au kufutwa. Ukurasa unaofuata huleta data ya zamani, mpaka mwandishi aiambie waziwazi kwa request.session.modified = True.