Mwalimu Mbele ya Darasa Lenye Dini Nyingi

Utangulizi

Ndugu mwanachuo, ukipangiwa mazoezi ya kufundisha katika kata ya Daraja Mbili, Arusha, utakabidhiwa darasa la watoto waliotoka katika nyumba zisizofanana. Yumo Mrangi ambaye kila jioni huenda madrasa. Yumo Mmeru ambaye babu yake ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Wamo Wachaga Wakatoliki, Wapare Waislamu na Wapare Wasabato, na watoto wa makanisa ya Kipentekoste. Pengine yumo pia mtoto wa Kihindu, au mtoto wa Kiarusha ambaye bibi yake bado humwomba Engai kama walivyomwomba wazee wake. Wote wamevaa sare moja, na wote wanakutazama wewe.

Katika makala hii tunakusudia kueleza namna ya kuwafundisha watoto hao pamoja bila kumdhalilisha yeyote kwa sababu ya imani yake. Hoja yetu ni moja. Uvumilivu wa dini shuleni hautegemei hotuba nzuri za siku ya sherehe. Unategemea taratibu ndogo ndogo ambazo mwalimu ameziwaza kabla ya kuingia darasani.

Darasa hili lilipatikanaje

Darasa la namna hii halikuwapo tangu zamani. Katika eneo la Mlima Meru, Ukristo ulifika pamoja na utawala wa Wajerumani, na mwanzo wake ulikuwa wa damu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa jeshi. Wamisionari walirudi baadaye, wakaanzisha kituo Nkoaranga mwaka 1902, na kazi yao ikashika mizizi kwa njia ya shule na matibabu. Uislamu nao ulienea hasa mjini, kwa biashara na kwa watu waliohamia kutoka pwani na bara.

Kwa muda mrefu shule nyingi zilikuwa mali ya mashirika ya dini. Mtoto aliyetaka kusoma aliingia shule ya kanisa, na wazazi wengi Waislamu walisita kumpeleka huko wakihofia kwamba angebadilishwa imani. Hivyo tofauti ya dini ikageuka kuwa tofauti ya elimu. Ndiyo sababu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzitwaa shule za mashirika hayo zilizokuwa zikipata ruzuku. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote. Tangu hapo watoto wa dini zote wameketi katika dawati moja. Darasa lako, basi, ni tunda la uamuzi wa taifa.

Katiba ya mwaka 1977 inatamka kwamba nchi yetu haina dini, na ibara yake ya 19, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za binadamu mwaka 1984, inampa kila mtu uhuru wa kuamini dini atakayo, na hata wa kubadilisha dini. Nchi haina dini, lakini wananchi wanazo. Mwalimu wa shule ya Serikali yumo katika hali zote mbili kwa wakati mmoja: yeye ni muumini wa dini yake, naye ni mtumishi wa nchi isiyo na dini.

Kosa tulilolishuhudia

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu katika shule moja ya mji huu. Alikuwa na Darasa la Tatu, na saa ya kipindi cha dini ilikuwa imekaribia. Akitaka kuwagawa watoto upesi, alisema, "Waislamu simameni, nendeni upande wa dirisha." Wakaenda. "Wakristo simameni, nendeni upande wa mlango." Wakaenda. Mtoto mmoja wa kiume akabaki amekaa katikati ya chumba.

"Na wewe je, huna dini?" aliuliza mwanachuo wetu. Hakuuliza kwa ubaya. Darasa zima likacheka.

Kesho yake mtoto yule hakuja shuleni, wala siku iliyofuata. Tuliporudi juma la pili tuliambiwa kwamba bibi yake amekuja kumwona mwalimu mkuu. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Mwalimu, sisi tuna Mungu. Nani amemwambia mtoto wangu kwamba hatuna?" Mwalimu mkuu aliomba radhi, na mwanachuo wetu akaomba radhi mbele ya bibi na mbele ya darasa. Mtoto akarudi. Lakini kwa siku nyingi wenzake walimwita kwa jina tusilopenda kulirudia hapa.

Tulipolitazama tena andalio la somo la siku ile, tuliona kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumelipitia na kuliwekea alama ya vema. Lilikuwa na malengo, zana na hatua za kufundisha. Namna ya kuwagawa watoto haikuwamo, na sisi hatukuiulizia. Kosa lilikuwa la mwanachuo, lakini uzembe ulikuwa wetu.

Taratibu za kupanga mapema

Kutokana na tukio hilo tumekuwa tukiwahimiza wanachuo wetu wayapange mambo matano yafuatayo kabla ya kuanza kufundisha.

Kwanza, kipindi cha dini. Usimwulize mtoto dini yake mbele ya wenzake. Jambo hilo liulizwe kwa mzazi, naye ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Siku ya kipindi taja mahali, usitaje watu: "Wanaokwenda kwa Mwalimu wa Kiislamu watakuwa chumba hiki, wanaokwenda kwa Katekista watakuwa chumba kile, na wanaobaki nami tutasoma hadithi hapa." Hakikisha kwamba wanaobaki wana kazi yenye maana. Mtoto akipewa kufagia uwanja wakati wenzake wanasoma, ataona kuwa anaadhibiwa kwa imani ya wazazi wake.

Pili, mstarini. Wimbo wa Taifa wenyewe ni dua kwa Mungu, nao huwaunganisha watu wa dini nyingi. Hata hivyo wapo wasioweza kuuimba kwa dhamiri zao. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokuwa wamefukuzwa katika shule ya sekondari kwa kutoimba wimbo huo. Basi mwalimu wa zamu akimwona mtoto aliyesimama kwa adabu akiwa amenyamaza, asikimbilie fimbo. Kadhalika, ikiwa shule ina desturi ya sala ya asubuhi, isiwe kila siku ya dini moja tu, wala asilazimishwe mtu kuitamka.

Tatu, chakula. Mtu anaweza kudhani kwamba hili ni jambo la mpishi tu. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uliishia katika kifo cha mchungaji. Kwa desturi ya sehemu nyingi za nchi yetu, nyama ya shughuli ya watu wote huchinjwa na Mwislamu ili wote waweze kula. Katika mahafali ya Darasa la Saba kamati ya shule ikubaliane mapema juu ya jambo hilo, na pawepo chakula kisicho na nyama kwa wasioila. Katika mwezi wa Ramadhani usimwambie mtoto aliyefunga akae karibu na sufuria la uji, wala usimcheke yule ambaye hajaweza kufunga.

Nne, siku za ibada. Usipange mtihani wa majaribio mchana wa Ijumaa saa ya sala, wala kazi ya shamba ya lazima Jumamosi kwa mtoto Msabato. Ukishindwa kuepuka, mpe nafasi nyingine bila kumkata alama. Kuandika tarehe za sikukuu zote katika azimio la kazi mwanzoni mwa muhula hukuchukua dakika chache tu.

Tano, mavazi na alama za dini. Mtoto wa Kiislamu anaruhusiwa kuvaa hijabu pamoja na sare. Mwalimu asiulize kwa dhihaka kama anasikia joto. Na mtoto mwenye rozari au hirizi shingoni asivuliwe mbele ya watu. Likiwapo jambo la usalama au la kanuni za shule, mwite pembeni, na zungumza na mzazi.

Watoto wanapobishana

Watoto hubishana juu ya dini, maana wanayasikia nyumbani. Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Kurani, na mmoja akafanya tendo la kuinajisi. Habari zikaenea mtaani, umati ukakusanyika, na makanisa kadhaa yakachomwa moto au kuharibiwa. Mwanzo wake ulikuwa ubishi wa watoto, wa aina ile ile unaotokea chini ya mti wa shule yako wakati wa mapumziko.

Ubishi wa namna hiyo ukikufikia, tunashauri ufuate hatua hizi. Watenganishe watoto bila kuamua nani mwenye dini ya kweli. Hilo si swali la mwalimu wa darasa. Msikilize kila mmoja peke yake. Kemea tendo, usiikemee dini: sema "Umemtukana mwenzako," wala usiseme "Ninyi ndivyo mlivyo." Mwarifu mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, ili wazazi wa pande zote mbili wapate habari kutoka shuleni kabla hawajaipata mtaani ikiwa imeongezwa chumvi. Mwisho, warudishe watoto hao katika kazi ya pamoja, kama vile kumwagilia bustani au kupanga madaftari.

Huenda ukakutwa na jambo kubwa kuliko hilo. Tarehe 5 Mei 2013, siku ya Jumapili, bomu lilirushwa katika kanisa Katoliki la Olasiti hapa Arusha, likaua na kujeruhi waumini. Mwalimu anayeingia darasani asubuhi baada ya msiba kama huo atasema nini? Asinyamaze kana kwamba hakuna lililotokea, kwa kuwa watoto wamesikia yote. Aseme kwamba watu wameumizwa, kwamba kazi ya kutafuta waliofanya hivyo ni ya vyombo vya sheria, na kwamba hakuna mtoto yeyote katika chumba hiki anayebeba hatia hiyo. Kisha awape nafasi ya kukaa kimya kwa dakika moja, kila mtu akiomba kwa njia ya kwao.

Chumba cha walimu

Watoto hujifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa masikio. Wakiona kwamba walimu wao wamegawanyika kwa dini katika meza za chai, mafundisho yetu yote ya maadili hayatakuwa na uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa dini kazini, lakini sheria haiwezi kumpangia mtu namna ya kuishi na jirani yake wa dawati.

Katika shule tulizozitembelea tumeona desturi njema ambazo yafaa uziige. Mwalimu Mkristo hushika zamu mchana wa Ijumaa, na mwenzake Mwislamu hushika zamu ya Ijumaa Kuu pale wanafunzi wa bweni wanapobaki shuleni. Msiba ukitokea, michango hukusanywa kwa orodha moja. Kadi za harambee ya kanisa au ya msikiti hupewa anayependa, wala hakuna anayeulizwa kwa nini hakuchangia. Na mwalimu anayependa kumweleza mwenzake habari za imani yake hufanya hivyo wanapokuwa marafiki, baada ya kazi, naye hukubali kuambiwa "La, ahsante."

Hapa patahitaji angalizo. Kuheshimu dini ya mwenzako hakukutaki uifiche ya kwako, wala useme kwamba dini zote ni sawa, maana waumini wengi hawaamini hivyo. Kunakutaka ukumbuke kwamba chaki uliyoshika umepewa na umma. Darasani huna ruhusa ya kuitumia kumvuta mtoto wa mtu mwingine upande wako, hata kama moyo wako unakuambia kwamba unamtakia mema.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba darasa lenye dini nyingi ni matokeo ya uamuzi wa taifa letu, na kwamba kulilinda ni kazi ya mwalimu wa kila siku. Siku hizi, kila tunapokagua andalio la somo, tunauliza swali ambalo hatukuliuliza siku ile: je, ukishawagawa watoto, yupo atakayebaki amekaa peke yake?

Maswali ya mjadala

1. Ungewagawaje watoto wa Darasa la Tatu kwa ajili ya kipindi cha dini iwapo shule ina vyumba viwili tu vilivyo wazi?

2. Mzazi amekuja akilalamika kwamba mwalimu mwenzako anawahubiria wanafunzi katika somo la Sayansi. Wewe ni mwalimu wa zamu. Utachukua hatua gani, na kwa mpangilio gani?

3. Chukua azimio la kazi la muhula mmoja. Onyesha sikukuu na siku za ibada za dini zote zilizomo katika darasa lako, kisha eleza ungebadilisha nini.